Maisha ya Mwalimu Ansbert Revelian na Boti Yake Kokushubila

Baba Padre, wazee wa ukoo wetu na wakwe zetu mliotoka Tukuyu, majirani wa Kimara, na ninyi ndugu zetu wa Kinondoni mliofunga maduka mkaja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo, na Assalaam alaykum. Mimi ni Stephano Revelian, marehemu ni kaka yangu tunayefuatana naye, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Wengi wenu mlinisikia nikiyasoma hapa hapa Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 2023, kwa hiyo mtanivumilia mkisikia mnayoyajua, na mtanivumilia zaidi tukifika kwenye yale ambayo siku ile yalikuwa hayajatokea.

Ansbert Revelian alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Novemba 1968, Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Revelian na Mama Kokushubila, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Sisi ni watu wa migomba na kahawa, ziwa tulikuwa tukiliona kwa mbali tu siku mvua ikikatika, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumiliki hata kasia, kwa hiyo msije mkasema alirithi.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Bukoba, kisha kidato cha tano na sita Tabora, akahitimu ualimu mwaka 1992, na mwaka huo huo akapangiwa Kinondoni kufundisha Jiografia, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi na kwa sauti kubwa. Mwaka 2009, akiwafundisha kidato cha pili kwamba dunia huweza kuzungukwa kwa upepo mtupu, mwanafunzi mmoja wa Tandale alinyoosha mkono akamuuliza kama yeye mwenyewe ashawahi kuizunguka, au anawapigaga saundi tu. Darasa zima lilicheka, na Mwalimu naye alicheka, lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwaka 2011 alianza kujenga boti ya matanga uani kwake Kimara Korogwe, juu ya kilima, mahali ambapo maji yenyewe ya bomba huja kwa zamu.

Tarehe 27 Desemba 1997 alikuwa amefunga ndoa na Bupe Mwaipopo, karani wa mahakama, na Mungu akawajalia watoto wawili, Daniel na Adelina. Shemeji Bupe ni mtu asiyepokea karatasi isiyo na tarehe, na kaka alikuwa mtu wa kuuliza leo ni Jumanne au Jumatano, wakaishi vizuri. Boti ilikula ua, ikala bustani ya mchicha, ikala kamba ya kuanikia nguo, mtaa ukamwita mumewe Mwalimu Safina, watoto wakawa wanapita wakiuliza twiga watapanda lini, na Shemeji alivumilia yote hayo kwa sharti moja, kwamba boti ipewe jina la mama mkwe wake, Kokushubila, ili akiigombeza awe anaigombeza kwa adabu.

Mwaka 2016, pamoja na Bwana Abdulsamad, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Kinondoni, na fundi Shomari wa Kunduchi, ambaye ameunda boti maisha yake yote, marehemu alianzisha kamati ya mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga, mtu mmoja boti moja, kuanzia Dar es Salaam kwenda kusini mwa Australia, kupita ncha ya Amerika ya Kusini, kupita ncha ya Afrika, na kurudi hapa bila kutia nanga popote. Kanuni alizitunga yeye, na ile aliyoisisitiza kuliko zote ilisema kwamba mstari wa kumalizia haufungwi maadamu kuna boti iliyoondoka na haijarudi, kwa sababu, alisema, mwalimu hafungi lango la shule wakati mtoto mmoja bado yuko njiani. Boti nne zilihitajika ili kibali kitoke, tatu zikapatikana, mshiriki wa nne akajitoa siku za mwisho, na kaka, ambaye alipaswa kubaki ufukweni na filimbi yake, akabomoa ukuta wa jirani kwa ruhusa, akaipakia Kokushubila kwenye lori la kubebea makatapila, akaishusha Kunduchi na kuondoka nayo Jumamosi tarehe 14 Januari 2023.

Boti mbili ziliishia njiani salama, na Yumna, binti wa Bwana Abdulsamad, alirudi mwezi wa tisa akiwa mshindi, na kwa heshima ya msiba wetu hakupigiwa hata ngoma. Maana kifaa kinachoonyesha Kokushubila iko wapi kilikuwa kimezimika tarehe 11 Mei, kusini mwa Australia, na meli ya mizigo ilikuwa imeikuta inakwenda matanga juu, ndani hamna mtu. Tulingoja hadi Septemba, kisha wazee wakasema mtu haachwi bila kaburi, na kwa desturi ya nyumbani kwa ambaye mwili wake haukupatikana, tulimzika kwa shina la mgomba, likavishwa suti yake na viatu vyake, likatiwa jenezani, likaitwa kwa jina lake. Baba Padre alikubali kuomba, ila alisimama mbali kidogo. Shemeji Bupe hakutaka, alisema mahakamani mtu hahukumiwi kwa kutoonekana tu, lakini alikuwa peke yake na sisi tulikuwa ukoo, akanyamaza. Alasiri ile ile, tukiwa bado tunanawa mikono, simu ya fundi Shomari ililia, kifaa kilikuwa kimewaka tena, na Kokushubila ilikuwa inakwenda mashariki, polepole sana, kwenye njia yake.

Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2024 kaka alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yake, amekonda, amevaa koti la watu wengine. Alikuwa ametupwa majini na wimbi, akaokotwa na meli ya wavuvi wa mbali wasiojua Kiswahili wala Kiingereza, ambao hawakugusa bandari mpaka wajaze samaki. Furaha yetu ilikuwa kubwa na hofu yetu pia, siwezi kuwaficha, maana aliyekwisha kuzikwa haingii kwa mlango aliotolewa, kwa hiyo alikaa uani hadi tulipotoboa ukuta wa jikoni akaingia kwa huko, na Shemeji akaenda makaburini mwenyewe, akang'oa msalaba, akaupasua kuni. Lilibaki jambo moja, kulifukua shina na kuliondolea jina lake, na hilo kaka alilikataa. Baba yetu mdogo Marselino alimbembeleza, alimkaripia, alilia mbele yake, na kaka alimjibu kwa upole kwamba boti inaendeshwa na yule mliyemzika, sasa mkimtoa, nani atashika usukani.

Tulidhani ni bahari imemchanganya. Fundi Shomari alitueleza kwamba boti ile ina usukani unaojiongoza kwa upepo, ikiachwa huweza kushika njia moja kwa muda mrefu, ila alipoulizwa kama usukani huo unajua kukunja kona ya bara zima, alisema hilo asiulizwe yeye. Kaka alirudi kwenye kamati, kila siku akakaa kivulini nyumbani kwake akiitazama ile alama kwenye simu, na hakuwa na wasiwasi nayo, alikuwa akiitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake anayefanya kazi vizuri.

Kuhusu kuugua kwake, alianza Januari 2025, juma ambalo boti ilikuwa ikipita ncha ya Amerika ya Kusini. Dar es Salaam yote ilikuwa inalala na madirisha wazi kwa joto, naye alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi, vidole vyake vikawa vyeusi kwenye ncha, na viganja, ambavyo havikuwa vimeshika chochote kizito kuliko kikombe, vikatoka malengelenge ya kamba. Madaktari walimtibu kwa bidii, na mmoja wao aliuliza kwa nia njema kama mgonjwa ameajiriwa kwenye ghala la barafu la samaki. Boti ilipofika maji ya joto vidole vikapona, ila nguvu hazikurudi, na kadiri ile alama ilivyokaribia nyumbani ndivyo yeye alivyozidi kuwa mwepesi, hadi Adelina akawa anambeba baba yake peke yake. Shemeji alimsihi aruhusu shina lifukuliwe, akamwambia mie nataka mume, sitaki mshindi, na kaka akamwambia Bupe, imebaki kidogo. Alipelekwa hospitali kwa mara ya mwisho tarehe 2 Agosti, na Ijumaa ya tarehe 8 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, daktari alituita akatuambia amefariki kwa maji kwenye mapafu. Boti ilikuwa mbele ya Mtwara.

Mmekuwa mkiuliza kwa nini msiba umekaa siku zote hizi na chakula kimepikwa sana. Ni kwa sababu Shemeji Bupe alikataa kuzika. Wazee walimwambia safari hii mwili upo, unamwona, unamgusa, naye akawajibu kwamba mara ya kwanza mlizika bila yeye kuwemo nikanyamaza, sasa mnataka nizike nusu, sitanyamaza. Alikwenda Kunduchi na Yumna, wakaketi penye bendera ya kamati, na sisi wanaume tuliosema sana tukawa tunawapelekea chai.

Jumanne ya tarehe 19 Agosti, saa nane mchana, Kokushubila iliingia kwa upepo mwanana na kukata mstari wa kumalizia. Tulikuwa watu wengi ufukweni na hakuna aliyepiga makofi. Mara tu ilipokata, tanga kuu lilishuka, na fundi Shomari, aliyeifikia wa kwanza kwa mtumbwi, anasema kamba yake ilikuwa imefunguliwa, haikukatika, na hakuona mtu. Shemeji alipanda peke yake. Alikaa ndani muda wa kuivisha ugali, akatoka, na aliyoyasema ndiyo ninayoyasema, kwamba kila kitu mle kilikuwa kimelowa isipokuwa godoro, na mto ulikuwa na bonde la kichwa, naye ameweka mkono pale, pana joto. Kisha akamgeukia Baba Marselino, akampigia magoti kama mkwe, akasema sasa amerudi wote, tumzike.

Juzi tulilifukua lile jeneza la kwanza. Suti ilikuwamo, viatu vilikuwamo, na hakukuwa na kingine, hata uchafu wa shina lililooza.

Tarehe ya kifo mtakayoikuta msalabani ni 19 Agosti 2025. Hospitali imeandika nyingine, na wazee tuliwahi kuandika nyingine kabla ya hiyo, lakini Shemeji ndiye karani na ndiye mke, tumempa kalamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu ugonjwa wasioufahamu bila kumcheka, majirani wa Kimara waliotoa ukuta wao, viti vyao na majiko yao kwa misiba miwili ya mtu mmoja, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani, akiwemo yule wa Tandale, ambaye leo amebeba jeneza, na kamati yake, iliyofunga mstari Jumanne ile baada ya kuhakikisha kwamba nje hapakubaki mtu.

Maneno ya mwisho si yangu, nimepewa na Shemeji Bupe niyasome kama yalivyo. Ansbert mume wangu, waliofika ni wawili na wewe ni wa pili, hakuna tena pa kuzunguka, shuka sasa upumzike, kwa amani, mimi nipo.