Bi Sundus na Alhamisi za Pellhurst

Kwa miaka ishirini na sita Bi Sundus Muhiddin amekaa kiti cha mbele cha mabasi ya kampuni yetu, kipaza sauti mkononi na mfuko wa peremende mapajani kwa ajili ya abiria wanaochafukwa na tumbo. Tarehe 31 Oktoba anashuka. Bi Alka, mwenye kampuni, ameniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko wengine. Hakujua anamwomba mtu mwenye wivu. Nimeona niliseme hilo mapema.

Alizaliwa Wete, Pemba, akaja London na marehemu mumewe, akaanza hapa Harrow kama karani wa tiketi. Siku moja mwongoza watalii aliugua, Bi Sundus akapandishwa basi na buibui lake bila maandalizi. Jioni alirudi na abiria wote wanamwita mama. Kwenye dirisha la tiketi hakurudi tena.

Mimi, Bhavesh, nilijiunga miaka tisa baadaye. Nina vyeti viwili vya uonjaji wa mvinyo, nilivyovisomea miaka mitatu. Kwa hiyo tulipopata safari ya kila Alhamisi ya kwenda Pellhurst, shamba la mizabibu kule Kent lenye jumba la miaka mia tatu, nilijua ni yangu hiyo. Shamba lilikuwa limenunuliwa na familia ya Kireno, na mama mwenye nyumba, Bi Leonor, alisifika kwa kutopenda wageni.

Siku ya kwanza tulikwenda wote wawili. Nilimweleza Bi Leonor habari za udongo wa chokaa na aina za zabibu. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri treni. Kisha akanyoosha kidole kwenye kanisa dogo la bustanini, akalitaja kwa Kireno: "Igreja."

Bi Sundus akashtuka. "Gereza? Humu mnafunga watu?"

Bi Leonor alicheka mpaka akashika ukuta. Wakaanza kutafuta maneno ya Kireno na ya Kiswahili, wakayakuta yanashabihiana: meza, leso, kopo, foronya, hata mvinyo wenyewe. Kila walipopata jingine waligonganisha viganja, na abiria wakashangilia. Mwishowe Bi Leonor akatoa funguo, akatufungulia ghala la chini ya ardhi ambalo hakuwahi kulionyesha kundi lolote la watalii. Mwenye vyeti nilikuwa mimi. Aliyeshikwa mkono kushuka ngazi ni mwanamke ambaye hajaonja tone la mvinyo maishani mwake.

Pellhurst akapewa yeye. Nilimwandikia Bi Alka barua kwamba ni aibu safari ya mvinyo kuongozwa na mtu asiyekunywa. Bi Alka akampa Bi Sundus aisome. Nikamwona anakuja mezani kwangu na vikombe viwili vya chai.

"Kweli, kaka Bhavesh, sinywi mie," akasema. "Basi twende sote. Wewe ushughulike na ladha, mie nishughulike na watu."

Kwa miaka kumi na mmoja tumekwenda hivyo. Mimi nilieleza ladha kwa dakika kumi, nikapigiwa makofi ya adabu. Yeye alikunywa maji ya zabibu, akakumbuka nani ana goti bovu na nani kafiwa juzi, na barua za shukrani zikaja kwa jina lake. Nimezisoma zote. Jina langu limo katika moja, nalo limekosewa.

Wakati wa korona, tulipofunga ofisi, aliwapigia simu abiria wetu wazee wa Queensbury, mmoja baada ya mwingine, kila wiki. Hakuna aliyemtuma. Mimi halikunijia hata kichwani, na hilo linaniuma kuliko Pellhurst.

Bi Alka alipomuuliza nani arithi Alhamisi, nilikuwa mlango wa pili na nilisikia jibu. "Bhavesh. Anaijua kazi ile kuliko mie, ila hakuna aliyewahi kumwambia." Nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili. Hata ukarimu wake nauonea wivu.

Alhamisi iliyopita, yeye akiwa likizo, nilikwenda peke yangu. Bi Leonor alikuja mpaka getini, akanipa mkono huku anachungulia basi nyuma yangu, hadi abiria wa mwisho aliposhuka.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Anastaafu."

Akaniomba anwani yake. Nikamwandikia. Halafu akatoa funguo za ghala, akaniwekea kiganjani, akarudi ndani.

Bi Sundus, sote hapa tunakushukuru, na tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na nyumba isiyokaukiwa wageni. Jumapili Bi Leonor anakuja Harrow kunywa chai kwako. Mimi sikualikwa, lakini nimejitolea kumpokea stesheni.