Tata Kanku Anahamia Uani kwa Shemeji Yake

Tarehe 31 Mei 1989, Citoyen Kanku Muamba anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Nyumba ya cité ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni, kwa miaka thelathini na moja. Wengi wenu mnamwita Tata Kanku. Wenye nyumba wachache wanamwita yule mzee asiyeaga, na nitaeleza jina hilo lilitoka wapi. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nimekaa naye meza kwa meza tangu mwaka 1974, na kwa sababu wenzangu wanadai sisi watu wa Maniema tunapenda kusema. Yeye ni mtu wa Kasai. Kwa miaka yote hiyo mimi nimecheka Kiswahili chake na yeye amecheka changu, na hakuna aliyemrekebisha mwenzake.

Alifika hapa Kolwezi angali kijana, akimfuata kaka yake Tshilombo, seremala, aliyetangulia kutafuta maisha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka chokaa nyumba za wafanyakazi. Nasikia hakuwa mpaka chokaa hodari. Tatizo ni kwamba kila nyumba aliyoingia na ndoo, watu walianza kumweleza ugomvi wao: jirani amesogeza ua, mpangaji amepanda mihindi na sasa anahama, mihindi ni ya nani. Chokaa ilikauka ndooni huku akisikiliza. Wakubwa wakaona afadhali wampe meza na kiti.

Ndivyo Alhamisi yetu ilivyoanza. Siku hiyo hatugawi funguo wala hatushughuliki na mabomba yanayovuja, ni maulizo tu, na benchi la barazani hujaa tangu asubuhi. Mwenye nyumba anaweza kumtoa mpangaji ili amweke mpwa wake? Nikitengeneza paa la mwenye nyumba, nimkate kwenye kodi? Mtoto wa kike anarithi? Kwa swali hili la mwisho Tata Kanku hakuhitaji hata kukaa vizuri. Alijibu, “Mutoto iko mutoto,” akamwita anayefuata.

Kwa maswali mengine alikuwa na sharti moja, nalo liliwaudhi wengi. Ukija peke yako, hakupi jibu. Anakuambia urudi na yule unayegombana naye, msikie wote wawili kwa wakati mmoja, kutoka kinywa kimoja. Watu walinung'unika kwamba wametembea bure kutoka mjini. Juma lililofuata walirudi wawili wawili, wengine wakiwa wamekwisha patana njiani, na hao Tata Kanku aliwapenda kuliko wote.

Sasa nieleze lile jina. Mjomba wangu Abedi, mchuuzi wa chumvi na sabuni, alikuwa na mpangaji asiyempenda. Badala ya kumpa muda wa kuhama kama inavyotakiwa, akaja akang'oa mlango akaondoka nao. Mpangaji alipokuja kwetu, mimi nilijificha nyuma ya kabati, kwa maana ni mjomba. Tata Kanku akaenda kwa Abedi jioni ile, saa ya chakula. Hakutaja mlango. Alikula ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akasifu mboga, akauliza habari za kwetu Kasongo, akauliza bei ya chumvi, akauliza tena habari za Kasongo. Watoto wakalala mkekani, yeye yupo. Mwishowe mama mwenye nyumba, Mama Mwamini, akamgeukia mume wake. “Rudishia batu mulango yabo,” akasema, “huyu tata aende kwake.” Mlango ulirudi kesho yake, na mjomba wangu hajawahi kung'oa mwingine.

Lakini kazi aliyoifanya zaidi ya zote ilikuwa kwenye stesheni ya gari la moshi. Miaka hiyo mambo ya urithi yaliachiwa mila za kila kabila. Mfanyakazi wa Kapata mwenye nyumba yake mwenyewe akifa, habari zilifika kwao Kasai, na baada ya siku chache ndugu za marehemu walishuka kupitia Kamina na Lubudi, na sanduku mkononi. Tata Kanku alijua kitu kimoja kuhusu sanduku hilo: likishawekwa katika chumba cha marehemu, halitoki. Basi yeye ndiye aliyewapokea. Alibeba mizigo yao mwenyewe, akawapeleka nyumbani kwake, na mke wake Mama Tshibola akaweka sufuria ya pili motoni. Walikula, walilia maiti wao, walilala, walikula tena. Walipofika kwa mjane walikuja kama wageni walioshiba, na mtu aliyeshiba husema na mjane kwa sauti nyingine. Hakufaulu kila mara. Wako wajane waliotolewa mbele ya macho yake, na majina yao anayakumbuka yote. Ila wengi wa wale wanaokaa leo katika nyumba zao wanakaa kwa sababu ya sufuria ya Mama Tshibola, na leo tunamshukuru mama huyo pamoja na mume wake. Baba mdogo mmoja alikaa kwao mpaka mihindi ikavunwa.

Mwaka jana sheria mpya ya familia ilianza kutumika. Tata Kanku aliisoma barazani kwa sauti, akitufafanulia: watoto wa marehemu ndio wa mbele katika urithi, ndugu wana kisehemu chao, na mjane hatolewi katika nyumba aliyokaa na mume wake. Alifurahi mpaka akatununulia soda. Tulimtania kwamba sasa Mama Tshibola atapumzika.

Mwezi wa kumi kaka yake Tshilombo akafariki.

Tshilombo hakukaa katika nyumba ya kampuni. Alikuwa na kiwanja chake mjini, na juu yake alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, madirisha na milango aliiranda mwenyewe, na vyumba viwili uani. Aliacha mjane, Mama Ngalula, na watoto wanne. Na nyote mnajua kanuni ya nyumba zetu za Kapata: anayestaafu anarudisha funguo. Tata Kanku alikuwa amebakiza miezi saba. Nyumba yake mwenyewe hana, hajajenga. Kilichobaki baada ya ada za shule za watoto wake kiliingia katika sufuria ile ya pili. Mganga hajigangi.

Wazee wakashuka kutoka Kasai, na safari hii hakuna aliyehitaji kuwashawishi walale kwa Tata Kanku, kwa kuwa yeye ndiye ndugu. Wakamwambia walivyoamua: nyumba ya Tshilombo ni yako, mjane na watoto watakuwa chini yako, na usipoichukua utakuwa umelitupa jasho la kaka yako. Mama Tshibola naye, nisifiche, alitaka ile nyumba. Alikuwa amepikia ndugu za watu wengine nusu ya maisha yake, na sasa aliuliza vitanda vyake vitawekwa wapi. Sioni wa kumlaumu. Mjini, Mama Ngalula alikuwa amekwisha funga vyombo vyake katika kitenge, akingojea kuambiwa.

Kapata nzima ilitega masikio. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema watu kisimani, wakaiachia methali hapo. Ofisini Tata Kanku hakutania mtu. Chai yake ilipoa mbele yake. Mimi niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa pia kwa ajili yetu, kwa sababu kama yeye angeichukua nyumba ile, Alhamisi iliyofuata tungemwambia nini baba mdogo yeyote?

Alhamisi ikafika, na kiti chake kikawa kitupu. Mkuu wa ofisi akaniambia nikikalie. Nilipotazama barazani nilimwona: amekaa benchini kwenye foleni, nyuma ya wanawake wawili waliogombania bomba. Pembeni yake walikuwepo wazee watatu wa Kasai, Mama Tshibola, na Mama Ngalula. Amefuata sharti lake mwenyewe. Zamu yao ilipofika wakaingia wote, naye akasimama mbele ya meza yake kama muulizaji yeyote.

“Tata Amadi,” akaniambia, “mi niko ndugu ya marehemu. Alijenga nyumba. Iko ya nani?”

Jibu nililijua. Lakini kila nilipobanwa na swali gumu nilizoea kugeuka nimwulize mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akiniuliza. Nikasema nilivyofundishwa na yeye: nyumba ni ya watoto, ndugu ana kisehemu kidogo, na mama hatoki.

Akaitikia kwa kichwa. “Kile kisehemu yangu, naachia batoto,” akasema. Kisha akawageukia wazee. “Munasikia? Haiko mi nasema. Iko bilo inasema,” akaonyesha ofisi yetu kwa mkono.

Mama Tshibola alitazama dirishani. Nilimwonea huruma, na sioni haya kusema hivyo mbele yake leo. Mzee Tharcisse, mkubwa wa wale watatu, aliguna, akajifuta uso, akauliza, “Basi, leo tutakula wapi?” Mama Ngalula akasema, “Kwangu.” Akaenda akafungua kile kitenge, akatoa sufuria zake, akawapikia.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Tata Kanku na Mama Ngalula walirudi tena Alhamisi, wakiwa wawili tu, na safari hii wakigombana kwelikweli. Mama Ngalula alikuwa amempa Tata Kanku na mke wake vile vyumba viwili vya uani, wakae bure mpaka watakapochoka. Tata Kanku alikubali vyumba akakataa bure. Alitaka mkataba wa kupanga, na kodi ya kila mwezi, na muda wa kuhama ulioandikwa. Mama Ngalula alikasirika.

“Shemeki yangu anilipe?” akaniuliza. “Batu batasema nini? Alinilindia nyumba, halafu mi nimupangishie?”

Nilitaka kumpa haki. Moyo wangu ulikuwa upande wake. Lakini Tata Kanku alisema maneno ambayo nimeombwa na wengi niyaweke katika karatasi hii, nayo ni haya:

“Mama, mi niko muzee. Nikilala bule, siku nitakufa, batoto yangu batasema: hii nyumba, baba yetu alikaa mu ndani, iko yetu. Na ndugu yabo batatoka Kasai kubasaidia. Nikilipa, hakuna wa kusema.”

Mama Ngalula alikaa chini. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akakubali, kwa sharti kwamba kiasi cha kodi atakitaja yeye. Alitaja kodi ndogo, Tata Kanku akasema ni ndogo mno, na hapo nikatumia cheo changu nikafunga mjadala. Tata Kanku aliwaita watoto wake watu wazima siku hiyohiyo, akawasomea mkataba wote, akawauliza kama wamesikia. Walisema wamesikia. Mama Tshibola naye alikuwepo. Aliuliza kama jiko la uani lina moshi, akaambiwa halina, akasema basi, twende.

Jumamosi hii tunabeba vitanda. Lori tumepata, wabebaji wanahitajika, na wapishi wamekwisha jitolea ili kwa mara moja Mama Tshibola akae chini aletewe sahani. Ofisi inamshukuru Tata Kanku kwa miaka thelathini na moja, kwa Alhamisi zake zote, na kwa kutuonyesha jibu linavyoonekana likimwuma yule anayelitoa. Wajane wa Kapata wameniomba niseme asante kwa niaba yao, na nimeisema. Mimi binafsi nitakosa mtu wa kunicheka Kiswahili.

Tata Kanku, uende na afya, amani na miaka mingi, wewe na mama, ndani ya nyumba isiyo yako.

Amadi Musafiri, kwa niaba ya wafanyakazi wa Ofisi ya Nyumba, Kapata