Perpetua Akwero, Mkunga Aliyefuga Samaki wa Bahari Nateete

Ndugu waombolezaji, majirani wa Nateete, wafanyakazi wa reli na wa kliniki, kabla gari halijaanza safari ya Kitgum, familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu Perpetua Akwero, mke wa Bwana Fabiano Ogwal.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1926, nje kidogo ya Kitgum, mtoto wa tatu wa mzee Oryem na mama Akot, akasoma shule ya misheni kuanzia 1934 hadi 1941, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na moyo wake haukuogopa damu, masista walimpeleka Gulu kujifunza ukunga, akahitimu Novemba 1946.

Tarehe 8 Januari 1949 alifunga ndoa na Ogwal, gadi wa treni, wakahamia Kampala, Mungu akawajalia Laker na kaka zake watatu, na tangu 1952 marehemu alifanya kazi katika kliniki ya wazazi hapa Nateete, ambako wengi wenu mliosimama hapa mlitoa kilio chenu cha kwanza mikononi mwake.

Hatuwezi kumweleza Akwero bila kutaja samaki wake. Mwaka 1968 mkubwa mmoja wa stesheni alihama akawaachia tangi la kioo, na safari iliyofuata Ogwal akarudi kutoka Mombasa na maji ya bahari katika jerikeni, pamoja na samaki wekundu wenye macho makubwa, wasiozidi urefu wa kidole, waitwao kadinali kwa sababu ya rangi yao. Marehemu, mtu wa kanisa, alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Leo nina makadinali sebuleni, na Roma haina habari!"

Alikuja kuwapenda kwa upole wao, maana hawagombani wala hawafukuzani, mchana hujibanza kwenye mawe na jioni hutoka kutafuta chakula. Aliwalisha uduvi wa ziwani kutoka Ggaba, Ogwal akawa anamletea maji mapya ya bahari na mara nyingine samaki wengine, maji ya tangi yakipungua aliongeza ya mvua, kwa kuwa jua hunywa maji likaacha chumvi, na umeme ulipokatika naye yuko kazini, jirani yetu Mkongo, mama Marie-Jeanne, alikuja kuchota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga humohumo ili samaki wapate hewa.

Lakini kilichomshika moyo kilikuwa dume, kwa sababu jike akishataga, dume ndiye hubeba mayai mdomoni, asile chochote mpaka yaanguliwe, na wanaume waliowaleta wake zao kliniki walipitishwa kwanza nyumbani kwake wakaangalie mwanaume mwenzao. Huzuni yake ilikuwa moja tu, kwamba vifaranga, wadogo kama vumbi la kioo, hawakuwahi kuishi hadi siku ya pili, na yeye mkunga wa watoto wasiohesabika hakuweza kumlea hata mmoja wao.

Mwaka 1974, katika siku ambazo sote tunazijua, mtu alipeleka maneno kwamba jerikeni za Ogwal zina petroli ya magendo, wakaja askari, na koplo akasema, "Mama, hapa iko petroli." Marehemu akamjibu, "Onja, mwanangu." Koplo akaonja, akatema, "Hii maji iko na chumvi!" Akwero akamketisha mbele ya tangi, akamwonyesha dume lililovimba koo, "Huyu baba hajala tangu Jumapili, amebeba watoto." Koplo alitazama muda mrefu, akauliza, "Mwanaume?" Akaambiwa, "Mwanaume." Wakaondoka bila kuchukua kitu wala mtu.

Mwishoni mwa 1976, ilipovuma kwamba reli itagawanywa na treni za Mombasa zitakoma, marehemu alijua maji ya bahari hayatakuja tena, akaomba likizo, akapanda treni ya mumewe na samaki wawili waliobaki, dume likiwa na mayai mdomoni. Akaipakata ndoo njia nzima, ameifunika kitenge ili dume lisishtuke na kuyatema, na kila stesheni alichota na kumwaga. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Aliingia mpaka magotini kati ya mawe, akainamisha ndoo, jike likatoka mara moja, dume likakaa kidogo karibu na mguu wake, koo limejaa bado, kisha likaingia chini ya jiwe. Ogwal alimwuliza kama analia, naye akasema, "Nimemfikisha wodini, sasa azae mwenyewe," na mumewe anasema hajawahi kumwona amefurahi vile.

Agosti 1977 marehemu alianza kuugua figo, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, na Jumapili tarehe 19 Machi 1978, asubuhi, akiwa na mumewe na watoto wote, alituaga akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mama Marie-Jeanne aliyempikia uji mpaka mwisho, na wenzake Ogwal wa reli waliotutafutia gari na mafuta. Wakunga wenzake hawapo hapa, tunaomba msiwalaumu, kuna mama amepata uchungu asubuhi hii, na Akwero mwenyewe angewafukuza msibani warudi kazini.

Mama Laker, kazi umeikabidhi, pumzika sasa kwa amani.