Mama Tobia na Chipsi za Mahafali

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Jenoveva Shekalaghe, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Tobia, anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Lushoto kwa miaka thelathini na miwili, yote akiwa jikoni.

Alizaliwa Mlalo, katika familia ya wakulima wa viazi mviringo. Kwao kiazi kilichemshwa au kilipikwa na maharage, basi. Alipoajiriwa kama mpishi msaidizi hakuwa amewahi kukaanga hata kimoja. Alijifunza kwa wakaanga chipsi wa stendi, akisimama kando ya makarai yao siku za gulio mpaka wakamzoea na kumpa viazi amenye. Mama yake mzazi, Bibi Evelina, alipopata habari hakufurahi. "Mwanangu," alimwambia, "hicho ni chakula cha mtu asiye na mke."

Hata hivyo chipsi ziliingia kwenye kantini yetu, na walimu waliokuwa wakienda kula nyumbani ghafla wakawa na kazi nyingi chuoni saa za mchana. Kwenye viazi Mama Tobia hakuwa na mzaha. Aliyemletea vilivyokaa sana kwenye baridi alirudi navyo, kwa maelezo kwamba hugeuka vyeusi kwenye mafuta na kuitia aibu Usambara nzima.

Lakini siku inayosimuliwa zaidi ni ya mahafali ya mwaka ule wa mvua kubwa, ambapo mwanawe Tobia alikuwa miongoni mwa wahitimu. Siku moja kabla ya sherehe, udongo uliporomoka na kufunga barabara ya kutoka Mombo. Mchele wa pilau ukakwama huko chini. Huku juu, wakulima wa Magamba walikuwa wamekaa na magunia ya viazi barabarani, maana hakuna lori lililoweza kupanda kuyachukua.

Mkuu wa chuo wa wakati huo, Mwalimu Aron, alitaka kuahirisha, ingawa wazazi wa vijiji vya mbali walikwisha kuanza safari kwa miguu. Mama Tobia akaenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mkuu. Viazi vipo."

"Marahaba, Mama Tobia. Mzazi ameuza mbuzi asomeshe mtoto, halafu nimpe chipsi kama anayesubiri basi?"

"Bora ale chipsi za moto kuliko kurudishwa na njaa."

Mwalimu Aron akaagiza viazi vya Magamba vinunuliwe vyote. Asubuhi alikuwa amekaa uani na walimu wenzake, amekunja mikono ya shati la sherehe, anamenya. Hashimu wa karakana ya useremala alileta mabaki ya mbao kwa ajili ya moto. Sufuria za pilau zikajazwa mafuta.

Bibi Evelina aliketi mstari wa mbele, na kwa umri wake ndiye aliyesubiriwa aanze kula. Alipakata sahani yenye chipsi, nyama ya mbuzi na kachumbari, akaitazama bila kuigusa. Mama Tobia alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, kijiko cha matundu mkononi.

Bibi akachukua kipande kimoja, akatafuna taratibu. Akachukua cha pili. Kisha akageuka nyuma: "Mbona hamli? Viazi ni vyetu hivi."

Watu wakala mpaka chipsi zikaisha. Tangu hapo mahafali yetu yana pilau na chipsi, na Mama Tobia amealikwa kukaanga kwenye sherehe za kipaimara na maulidi, kwa Wakristo na Waislamu, hadi Magoma.

Jiko anawaachia Nasra na Zuberi, aliowafundisha mwenyewe, nasi tunawaamini. Kwa uvumilivu wake, kwa ukali wake wenye faida na kwa vicheko vyote vya jikoni, tunasema asante sana.

Wiki iliyopita tulimuuliza atafanya nini akirudi Mlalo. "Nitalima," alijibu, "na nitakula kilichopikwa na mtu mwingine."

Tunakuombea, Mama Tobia, afya njema ya kufanya yote mawili kwa miaka mingi.