Verlin Tackett na Mikono Aliyomwombea Tansy

Marehemu Verlin Ray Tackett alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1947, katika bonde la Caney Lick, mashariki mwa Kentucky. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Ezra na Bibi Nola Tackett. Dada yake, Opal, aliyekuwa na miaka minne, anakumbuka kwamba mtoto yule alilia kidogo tu, kisha akanyamaza akawa anawatazama.

Alisoma bondeni, katika shule ya chumba kimoja, hadi darasa la nane, akamaliza sekondari mjini mwaka 1965. Katika ripoti zake walimu waliandika neno lilelile mwaka hadi mwaka: mtulivu.

Mwaka 1969 aliajiriwa posta, akapeleka barua vijijini kwa miaka thelathini na minne. Alijua sanduku lipi lina mlango mbovu na lipi lina nyigu. Wenye masanduku hakuwajua sana. Wengi walikuwa kazini alipopita, na waliokuwapo aliwapungia mkono bila kuzima gari.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Wilma Jean Skaggs, na tangu siku hiyo maongezi ya nyumba yakawa ya Wilma. Hawakujaliwa watoto. Walifuga mbwa wa kuwinda rakuni, mnyama mdogo wa msituni mwenye mkia wa mistari; mbwa wale wenye madoadoa ya buluu na masikio marefu. Verlin aliingia nao msituni; Wilma aliwapeleka kwenye maonyesho ya mbwa, naye Verlin akasimama nje ya kamba ya ulingo akimshikia mkoba. Wilma alifariki Novemba 2016. Mbwa wao wakazeeka, wakafa mmoja mmoja. Baada ya hapo majirani walijua kwamba Verlin yupo kwa kuona taa ya jikoni tu.

Aprili 2023 alizaliwa, kwa mfugaji mwingine, kitukuu wa mbwa ambaye Wilma alimpenda kuliko wote. Verlin akamchukua, akamwita Tansy, akaamua kwamba safari hii atamsimamisha ulingoni, mbele ya mwamuzi, yeye mwenyewe. Alitandika zulia juu ya meza ya kufulia ya Wilma, na kila asubuhi, baada ya kahawa, akamfundisha: miguu ya mbele wima, ya nyuma ivutwe kidogo, shingo ndefu, mkia juu kama mundu. Tansy alisimama kama aliyechongwa.

Tarehe 18 Mei mwaka huu akampeleka kwenye maonyesho yake ya kwanza. Mwamuzi, mama mmoja mpole, alipomfunua mdomo aone meno, Tansy aliruka kutoka kwenye benchi la ukaguzi akajificha chini ya gari.

"Mzee," mwamuzi akamuuliza, "kuna mtu mwingine amewahi kumshika mbwa huyu?"

Verlin aliinama kumtoa Tansy chini ya gari. "Hapana, mama."

Jioni alimpigia dada yake simu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Opal, nimemfundisha kana kwamba duniani tupo wawili tu."

"Basi mtoe nje, Verlin. Na wewe utoke."

Jumatatu aliegesha pikapu mbele ya duka la vyakula vya mifugo, akamsimamisha Tansy juu yake, sehemu ya mizigo, akamwomba kila aliyepita amguse. Wa kwanza alikuwa mwenye duka, Hobart Lykins.

"Wewe Verlin! Miaka thelathini na minne unanitupia barua bila hata habari za asubuhi, leo unataka nimkague mbwa meno?"

"Ndiyo. Na usinawe. Azoee na harufu mbaya."

Hobart alicheka mpaka akaegemea magunia, kisha akanyoosha mkono. Tansy alitetemeka mwili mzima, lakini hakuruka. Verlin alirudi kila siku. Mwezi wa sita ulipokwisha, watu walikuwa wanamletea maharage na mkate wa mahindi pale pale kwenye pikapu, naye alikula amesimama, akijibu walichomuuliza.

Julai aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kwenda dukani hadi wiki ya kwanza ya Septemba. Aliposhindwa kuendesha gari, muuguzi akawa anakuja nyumbani.

"Anza na yeye," Verlin alimwambia siku ya kwanza, akimwonyesha Tansy.

"Bwana Tackett, nimekuja kukupima wewe."

"Mimi sina maonyesho mwezi wa kumi. Meno kwanza, halafu mgongo."

Muuguzi alitii, siku hiyo na kila siku aliyofika.

Verlin alifariki Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, Opal akiwa amemshika mkono.

Ameacha dada yake, Opal Conley. Mpwa wake, Glenna, atakayemsimamisha Tansy kwenye maonyesho Jumamosi ijayo, tarehe 12. Na Tansy mwenyewe.

Baada ya mazishi Tansy atakuwa nyuma ya pikapu, kwenye lango la makaburi. Kwa ombi la marehemu, msipite bila kumgusa. Mnusisheni mkono kwanza, kisha meno, kisha mgongo hadi mkiani, polepole. Wanaume wenye ndevu na kofia wasiharakishe kwenda kula, maana hao ndio anaowaogopa bado.

Mungu amlaze Verlin kando ya Wilma, kwa amani.