Baba Asumani na Mgomba wa Njia ya Pili

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi, Baba Asumani Ayoubu, mkuu wa kiwanja chetu cha mizigo, anastaafu tarehe 30 ya mwezi wa tisa, mwaka 2025. Aliingia hapa mwaka 1986 kubeba magunia, mwembamba kama mpini wa jembe, na wenzake wakasema hatamaliza juma. Wote waliosema hivyo walistaafu kabla yake.

Kwa wageni mliokuja leo kwa ajili ya wali na nyama, tueleze kidogo. Kiwanja hiki kiko kati ya reli na mto, na karibu kila kitu kinacholiwa au kujengewa mjini Kindu kimepita hapa: mchele, mawese, chumvi, sabuni, sementi. Treni inashusha, mikokoteni inasukumwa, mzigo huu unakwenda soko la Kasuku, ule unateremka kwenye boti. Nani ashushe wapi, nani apite kwanza, hayo ni ya Baba Asumani na filimbi yake. Filimbi moja, simama. Mbili, pita. Tatu, hata mbuzi wa jirani wanajua kwamba mzee amekasirika.

Mimi mwenyewe filimbi hiyo imenikuta siku ya harusi yangu. Msafara wetu wa pikipiki ulikata njia kiwanjani, tarumbeta zinalia, shela inapepea, naye akatusimamisha mpaka lori la sementi lipite. Alinipa pole, akanisifia gauni, lakini njia hakunipa. Sementi kwanza, bibi arusi baadaye! Mume wangu ananikumbusha mpaka leo.

Lakini wasifu huu hautakamilika bila habari ya mgomba.

Vita vilipokata reli, treni iliondoka na haikurudi. Mishahara ikakatika pia. Mashamba ya mbali hayakuendeka kwa kuogopa wenye bunduki, na njaa ikaingia mjini. Watu wakakitazama kiwanja: ardhi pana, tupu, katikati ya mji. Wakaja na majembe. Wengine walikuja kabisa na miti ya kujengea nyumba.

Baba Asumani hakumfukuza mtu. Alitoa sharti moja tu. Pandeni mboga ya lengalenga, pandeni mahindi na karanga, hata katikati ya reli, pandeni. Ila nyumba hapana, na mti wa kudumu hapana. Treni ikipiga honi, kila kitu king'oleke. Waliponung'unika, akawaambia kuhusu kiwanja, ambacho yeye hukiita depo, maneno ambayo mji mzima unayajua: "Depo njo kinywa ya muji. Nani anapanda mugomba mu kinywa?"

Upande wa jukwaa la kushushia aliuacha wazi kwa watu wa toleka, wale wanaume waliosukuma baiskeli kutoka Kibombo kupitia msituni, kila baiskeli imebeba mchele mwingi kuliko punda. Walishusha pale, akina mama wa soko wakanunulia pale, na Kindu ikala. Kiwanja kisicho na treni kiliendelea kuulisha mji.

Sasa mke wake. Mama Mwavita alikuwa na watoto wadogo, na nyumba ya kupanga isiyo na ua. Alipata mche wa mgomba kwa mama yake, akaamka mapema, akaupanda kando ya njia ya pili ya reli, nyuma ya wagoni bovu la treni, akidhani hautaonekana. Lo! Kumficha Baba Asumani kitu kiwanjani ni kumficha paka samaki.

Kufikia mchana, watu wote walikuwa wameuona, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Mgomba wa mke wa mkuu ukibaki leo, kesho inaota nyumba, keshokutwa ni mtaa mzima, na treni ikirudi haitakuwa na pa kuingia. Akaung'oa kwa mikono yake mbele ya watu. Mama Mwavita akalia palepale, akamwambia kwamba treni yake itawaua watoto kwa njaa. Iliuma, na Baba Asumani hafichi kwamba iliuma. Ametusimulia mara nyingi kwamba jioni ile alikaa juu ya reli akaona huenda mkewe anasema kweli, treni haiji tena. Asubuhi filimbi ikalia kama kawaida.

Mche wenyewe hakuutupa. Aliufunga kwenye baiskeli ya Gédéon, mtu wa toleka, akamwomba aupande kwake Kibombo.

Vita vikaisha, na siku moja honi ikalia kwa mbali. Jamani, mbio zile! Wamama na vikapu wakivuna lengalenga mbele ya treni, watoto wanakumbatia mahindi mabichi. Treni ikaingia polepole hadi jukwaani, haikukuta ukuta hata mmoja, na chumvi ikashushwa siku ileile. Mama Mwavita alikuwapo, anacheka na kulia, mboga kifuani. Akamwendea mume wake, akasema: "Treni nimeiona. Mugomba yangu iko wapi?"

Ameuliza hivyo kila mara anaponunua ndizi sokoni, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Leo treni inakuja inapopenda, lakini malori yameongezeka. Ni Baba Asumani aliyeshauri yasiingie sokoni, yashushe kwetu, kisha mikokoteni na pikipiki zigawe mitaani. Kasuku inapumua kwa sababu nafasi ile ilibaki.

Tulitafuta zawadi. Redio anayo, na saa havai. Ndipo tukampigia simu Gédéon, ambaye sasa ni babu wa wajukuu wengi, na migomba yake imejaa nyuma ya nyumba. Ule mche ulizaa, na watoto wake wamezaa. Juzi treni ya Kibombo imefika, na kati ya magunia ya mchele ulikuwamo mche mmoja, umefungwa vizuri, umeandikwa jina la mpokeaji: Mama Mwavita.

Asante, Baba Asumani, kwa mji uliotulindia. Asante, Mama, kwa kumvumilia. Kiwanja cha nyumba yenu kule Mikelenge kina ua mpana na hakipitiwi na reli. Tunawatakia uzee wenye afya na kivuli. Mama, panda unapotaka. Na huyu bwana akigusa filimbi, tuite.

Joëlle Okito, kwa niaba ya wafanyakazi wote