Simu ya Bibi Bernadeta Yaingia Kwenye Leja

Ifakara, 30 Juni 1999
Kwa Bibi Bernadeta Sebastiani

Leo Bibi Bernadeta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya mradi wa mpunga. Alianza Julai 1968 akiwa mpiga chapa, anaondoka akiwa mkuu wa masijala. Hajawahi kupoteza faili. Mvua kubwa za mwaka jana zilipoingiza maji ofisini, alipandisha mafaili yote juu ya makabati, akafanya kazi siku tatu viatu vikiwa mkononi.

Januari, binti yake Leticia alimletea simu ya mkononi kutoka Dar es Salaam. Mtandao haujafika Ifakara. Hata hivyo aliichaji, akaja nayo kazini kila asubuhi na kuilaza juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Wageni kutoka Chita waliomba kuishika. Mkuu wetu, Bwana Martin, aliona kazi zinalala, akatoa waraka wa kukataza simu za binafsi ofisini. Mwenye simu alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeuchapa, nakala tatu, bila kosa. Tangu hapo simu ikakaa kwenye droo.

Mwezi Mei mtunza stoo, Bwana Dionisi, alihesabu mali. Ni mtu wa kazi: kila alichokikuta alikiandika namba kwa rangi nyekundu. Stepla ikapata, punchi ikapata, na simu ikapata. Kwenye leja akajaza: simu ndogo, moja, haifanyi kazi. Kosa lilipoonekana, leja ilikuwa imeshasainiwa. Mali yenye namba haitoki mpaka ithibitishwe kuwa mbovu, ifutwe.

Hapo kicheko kilipungua. Bibi Bernadeta anahamia Morogoro kwa dada yake, na Leticia, mtoto wake pekee, ana mimba ya kwanza. Simu ile ndiyo njia ya kumsikia.

Kamati ya watu watatu ilikaa. Haikuweza kuithibitisha bila kuijaribu, na Ifakara haijaribiki. Ikaamuliwa ipelekwe Morogoro, Dionisi akiibeba, Bibi akiwa shahidi. Dionisi aliitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kwenye basi walikaa kiti kimoja; walipofika Mkula, Bibi alinunua mahindi mawili ya kuchoma akampa moja.

Karibu na Morogoro, mfuko wa Dionisi ulilia. Leticia alijua kwa barua kuwa mama yake anapita siku ile. Dionisi alijibu kama anavyojibu dirishani kwake: “Stoo, nikusaidie nini?”

“Shikamoo baba. Namwomba mama yangu.”

Dionisi akamgeuzia jirani yake simu. “Mama, ni ya kwako.”

Aliporudi aliandika kwenye leja: Imepimwa. Inafanya kazi. Siyo yetu.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye leja. Mwaka juzi nilipofiwa na mume wangu, Kelestini, nilirudi masijala nikakuta mafaili yangu ya siku arobaini yameshapangwa, kwa mwandiko wa Bibi Bernadeta. Hajalitaja hadi leo.

Bibi Bernadeta, ofisi nzima inakushukuru. Pumzika vizuri, na mjukuu afike salama. Ukizungumza na Leticia, ututaje na sisi ambao mtandao haujatufikia. Utukumbuke.

Yosefina, Masijala